Mgane wa Sebuleni

Kila asubuhi nilikuwa nachemsha chai ya tangawizi kwenye birika la ofisi, namimina vikombe viwili, na kile cha pili nakifunika kwa sahani kwa sababu Gwamaka huchelewa. Kisha nakaa mezani kwangu, navaa visikizi masikioni, na kwa dakika kumi nafanya jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Baada ya hapo ndipo naanza orodha ya siku.

Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza kazi kadhaa za kwanza kwenye orodha. Gwamaka alikuwa ameshafika na anapuliza chai yake. Nilikuwa nalikata jina la mgonjwa kwa kalamu simu ya mezani ilipolia. Saa mbili ilikuwa haijafika, na ile simu hailii kabla ya saa tatu.

"Nyumba ya Matoleo, Tukuyu," nilisema.

"Nani mwenzangu?"

"Tusekile. Mtunzaji."

"Dada Tusekile, mimi ni Subilaga, binti wa Mzee Ambakisye Mwakatumbula. Mmemfanya nini baba yangu?"

Nilikaa.

"Ameamka vizuri tu," alisema. "Ameomba, amenawa uso. Ameingia jikoni, ametoa vikombe viwili. Nikamuuliza cha pili ni cha nani. Akasema, cha mama yako, ameenda kuchuma majani ya maboga, anarudi sasa hivi. Mama ana mwaka na miezi minane kaburini."

"Pole, dada."

"Ngoja, sijamaliza. Akaenda sebuleni kuchukua redio yake. Akaiona picha ya mama. Akakaa chini akalia, tena analia kama mtu mwenye akili zake. Anaijua tarehe, anamjua hata mchungaji aliyehubiri siku ya mazishi. Nimembembeleza, akarudi jikoni kunywa maji. Alipofika jikoni akatabasamu. Ananiuliza mimi mbona macho yangu mekundu. Dada, baba yangu jikoni ni mume, sebuleni ni mgane. Nimemwona akivuka ule mlango mara nne."

Nilirudisha simu mahali pake taratibu sana, kama kitu kinachoweza kuamka.

*

Waliojenga Nyumba yetu walitambua mapema kwamba mtu hakumbuki kwa tarehe. Anakumbuka kwa mahali. Mwulize mwenye ugonjwa wa kusahau mwaka gani alioa, atakutazama tu. Mwambie asimame ndani ya nyumba aliyoolea, atakutajia hadi rangi ya khanga ya mama mkwe. Kwa hiyo kila mgonjwa wetu ana nyumba ndani ya mashine, na nyumba ina vyumba: jikoni, sebuleni, chumbani, barazani. Uzi mdogo nyuma ya sikio lake hupokea vyumba hivyo kila alfajiri, na papo hapo tunapobadilisha toleo. Anapoingia jikoni kwa miguu yake, uzi unamfungulia kumbukumbu za jikoni. Jioni familia hutuletea yaliyotokea siku hiyo, nasi tunayafunga kuwa toleo jipya. Matoleo ya zamani hatuyafuti. Yanakaa chini ya mapya, moja juu ya jingine, kama mikeka.

Kufika kwenye chumba kuna njia mbili. Njia ndefu inaanzia lango kuu na kutaja kila kitu: langoni, wagonjwa, ambakisye, nyumbani, jikoni. Njia fupi inaanzia pale ulipo. Kitone kimoja maana yake ni hapa hapa niliposimama. Vitone viwili ni kutoka nje hatua moja: ukiwa jikoni, vitone viwili ni nyumba nzima.

Njia fupi si kosa. Mwenye wagonjwa sitini kabla ya saa nne haandiki njia ndefu sitini. Ila njia fupi haina maana peke yake. Ni kama kumwambia mgeni apinde kushoto bila kujua anatazama wapi. Ndiyo maana tuna desturi moja ambayo hata mkurugenzi akija anaifuata. Kabla ya kurudisha toleo lolote la zamani, mtunzaji anauliza kwa sauti, "Nimesimama wapi?" Anasoma njia ndefu kama ilivyo juu ya kioo, na mwenzake wa meza ya pili anaifuata kwenye kioo chake, kisha anajibu, "Upo."

Mimi naona haya kusema kwa sauti chumba kizima kikinisikia. Tangu nianze kazi nilikuwa nachezesha midomo tu.

Nilifungua kumbukumbu ya amri za asubuhi. Kazi ya kwanza ilikuwa jiko la Bi Anyambilile. Lilikuwa limechafuka muda mrefu. Mambo ya jikoni kwa jirani yake yalikuwa yameingia humo, akawa anatafuta sufuria ambazo hajawahi kuwa nazo. Nilipaswa kulirudisha kwenye toleo la miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nimeandika: rudisha, kitone, na namba ya toleo. Yaani rudisha hapa niliposimama.

Pembeni, mashine yenyewe ilikuwa imeandika niliposimama. Ambakisye, nyumbani, jikoni.

Bi Asifiwe, msimamizi wetu, aliisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Hakupaza sauti. Hapazi sauti kamwe, na hilo ndilo linalotisha.

"Uliuliza umesimama wapi?"

"Niliuliza, Bi Asifiwe."

"Kwa sauti?"

Nilitazama kikombe changu.

"Mimi nilimjibu 'Upo'," alisema Gwamaka, akitaka kunisaidia. "Nilikuwa natundika koti."

"Ulimjibu bila kumsikia wala kutazama kioo?"

"Huyu hasikiki, bosi. Huwa natazama midomo ikianza kucheza, nahesabu moja mpaka tatu, nasema 'Upo'. Sauti yake nadhani inasubiri leseni."

Siku nyingine ningecheka. Bi Asifiwe alivuta kiti akakaa.

"Tuna hadi saa saba," alisema. "Baada ya hapo ubongo wake utajifunga juu ya hilo jiko la zamani, kama kidonda kinavyofunga. Tukimrudishia la jana baadaye, litakaa juu juu, halitashika. Chukua kibao cha mkononi uende kwake. Kisheria msimamizi wake ni binti yake. Atakachotia sahihi ndicho utakachofanya, kwa sababu kosa ni letu na hatuna haki ya kumchagulia."

"Sawa."

"Na, Tusekile. Mzee Ambakisye hayumo kwenye orodha yako ya leo. Saa moja asubuhi ulikuwa unafanya nini jikoni kwake?"

"Nilipita tu."

Alinisogezea kibao. "Ukirudi utaniambia vizuri," alisema.

*

Fomu ya sahihi ilichukua hadi saa tano kuandaliwa. Nyumba yao iko nyuma ya soko, na mvua nyembamba ya Tukuyu ilikuwa inanyesha, ile ambayo mtu hafungui mwavuli kwa ajili yake. Subilaga alinipokea barazani. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mhasibu huko Dodoma, amechukua likizo kuja kumtunza baba yake. Alikuwa ameegemeza meza kwenye mlango wa sebuleni ili mzee asipite.

"Hebu msikilize," alisema badala ya kunisalimu.

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mzee akiimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili, ile ya chini, akiacha nafasi mahali ambapo mtu mwingine angeimba ya kwanza.

"Tangu nimemzuia asitoke, anaimba," alisema Subilaga. "Sijamsikia akiimba tangu msiba. Umesimama hapo, unasikia?"

"Nasikia."

"Basi usinirudishie jiko la jana."

Sikumwelewa. Nilishika kibao kwa mikono miwili.

"Rudisha nyumba," alisema. "Nyumba nzima iwe miaka miwili nyuma. Sebule, chumbani, hapa barazani. Picha nitaitoa ukutani mimi mwenyewe. Akimuulizia mama nitamwambia ameenda Kyela kwa shangazi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kwani ninyi na huo uzi wenu mnafanya nini? Kila siku si mnamwambia yeye ni nani? Mimi nitaongeza neno moja tu."

Nilitaka kusema haiwezekani. Ingekuwa uongo. Kibao nilikuwa nimeshakifungua njiani, jikoni kwa Mzee Ambakisye. Kilichohitajika ni vitone viwili, na nyumba nzima ingetoka msibani.

"Amekula?" niliuliza.

"Bado. Anasema anamsubiri mwenye jiko."

Niliingia jikoni. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, mrefu, magoti juu, na mbele yake kuna mkungu mdogo wa ndizi mbichi na kisu kisichoguswa. Vikombe viwili vilikuwa mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa Mama Subi? Subiri kidogo, anarudi. Ningekupikia, lakini jiko hili mimi ni mgeni. Ukigusa sufuria humu ndani unafukuzwa kama kuku." Alicheka, kisha akajishika tumbo. "Leo amechelewa, lakini."

Ilikuwa karibu saa sita. Nilitazama zile ndizi, na mimi nilijua kwamba jana mtu huyu alimenya za kwake mwenyewe. Nilijua anavyozimenya. Nilijua nani alimfundisha, na alikuwa amekaa wapi.

Ni hivi. Mama yangu alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni, na sikuwa nimehifadhi sauti yake hata kwa dakika moja. Kazi yangu ya kwanza katika Nyumba ya Matoleo ilikuwa kufunga toleo la jikoni kwa Mzee Ambakisye, na humo nikamsikia Mama Subi. Hakufanana na mama yangu kwa sura. Ni ule utani tu, ule wa mtu anayekukemea huku mkono wake unakusogezea sahani. Toka siku hiyo, kila asubuhi, nikawa naingia pale kwa dakika kumi. Sikuruhusiwa. Nilijiambia simchukulii mtu kitu.

Nilitoka tena barazani.

"Dada Subilaga," nilisema, "usitie sahihi ya nyumba nzima."

"Kwa nini?"

"Hujui kilichomo kwenye jiko la jana."

"Na wewe unajuaje?"

Sauti yangu ilikwenda kule inakokwenda siku zote.

"Mdogo wangu, mimi nimekuuliza swali," alisema, bila ukali. "Mmeniharibia baba yangu asubuhi, sasa unakuja kuniambia nisifanye hivi nisifanye vile. Unajuaje?"

Saa ya kibao ilionyesha saa sita na dakika tisa.

*

Kuna mahali pamoja ndani ya nyumba ambapo hatukuwahi kurekodi. Kizingiti hakimo ndani ya chumba chochote. Uzi ukifika hapo haufungui jikoni wala sebuleni; mtu anabaki na alichonacho mwenyewe mpaka atakapovuka. Wagonjwa wengi hupita haraka. Nilimwomba Subilaga aondoe meza, nikaweka kigoda katikati ya mlango, nikamwomba mzee akae hapo.

"Mlangoni?" alisema. "Anayekaa mlangoni anazuia baraka. Hata hivyo, wewe ni mgeni."

Alikaa. Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilipungua kidogo kidogo. Alitazama jikoni, akatazama kulia kwake, sebuleni.

"Hapa kuna baridi," alisema. "Kuna kitu nimekiweka mahali, sikioni."

"Mzee," nilianza. Nilipiga magoti ili nisimtazame kutoka juu. "Mimi ni mtunzaji wako. Asubuhi nimekosea. Nilikuwa nimesimama jikoni kwako, nikadhani niko jikoni kwa mtu mwingine. Nimekurudisha nyuma miaka miwili, jikoni tu. Mama Subi hayupo. Alifariki mwaka jana, mwezi wa pili."

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayethibitishiwa kitu alichokuwa anakishuku.

"Ndiyo maana nina njaa," alisema.

Subilaga aligeuza uso.

"Ulikuwa jikoni kwangu unafanya nini?" mzee aliuliza. Lilikuwa swali la Bi Asifiwe, lakini yeye aliuliza kama anayeuliza habari za nyumbani.

"Nilikuwa namsikiliza," nilisema.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Masikio yangu ni ya zamani pia."

"Nilikuwa namsikiliza Mama Subi!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, na kuku wa jirani wakakimbia. "Kila asubuhi, mzee. Bila ruhusa yako. Kwenye jiko la zamani anapika yeye, na wewe unafukuzwa. Lakini kwenye lile nililokuondolea yuko anaumwa. Amekaa kwenye kigoda hiki hiki, blanketi miguuni, anakufundisha. Miezi minne. Mnapika mbalaga, zile ndizi za kupika, wewe unamenya yeye anakucheka. Anasema unamenya ndizi kama unachonga nguzo ya umeme. Anasema chumvi mwisho. Siku moja umeunguza, mmekula hivyo hivyo, mkasema ni mapishi ya mkoa mwingine." Nilivuta pumzi. "Na karibu na mwisho alikuambia, 'Siku nikiondoka, usikae na njaa ukinisubiri.'"

Mvua ilikuwa imekatika. Mzee alitazama vile vikombe viwili kule mezani.

"Alisema hivyo?"

"Mara mbili. Mara ya pili alikuapisha."

"Nami nimekaa na njaa nikimsubiri." Alicheka kwa pumzi tu, akafuta uso kwa kiganja. "Ule mlango wa sebuleni unauma, mwanangu, sikudanganyi. Lakini humo jikoni mnaniweka na mwanamke ambaye hajaniambia neno la mwisho. Nirudishie yule aliyeniambia."

Nilimtazama Subilaga. Sahihi ilikuwa yake. Nilimpa kibao. Yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeshayasema. Alikishika kwa muda mrefu, kidole juu ya kioo. Saa sita na dakika ishirini na saba.

"Jiko," alisema mwishowe. "La jana." Akatia sahihi.

Nikasimama. Sikuwa na meza ya pili, wala Gwamaka.

"Nimesimama wapi?" niliuliza kwa sauti, ndani ya nyumba ya watu, majirani wakisikia. Kisha nikasoma njia yote kuanzia mwanzo, sikuruka kitu. "Langoni, wagonjwa, Ambakisye, nyumbani, jikoni."

Hakuna aliyejibu. Nilimwelekezea mzee kioo. Alifuata maneno kwa kidole, moja moja, mpaka la mwisho.

"Upo," alisema.

Nikarudisha.

Ilichukua muda wa kuhesabu hadi ishirini. Mzee aliinuka kutoka kigodani akaingia jikoni. Alisimama akitazama huku na huku. Mabega yake yalishuka, na nilijua amefika. Alivuta kigoda kingine, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi, akichonga kingo nne kila moja. Alipomaliza ya tatu aliinua macho akaviona vikombe. Alichukua kimoja kukirudisha kabatini.

"Kiache, baba," alisema Subilaga kutoka mlangoni.

Alikuwa amesimama pale kwenye kizingiti, nusu ndani. Mzee alisubiri, kikombe mkononi.

"Niwekee mimi chai," Subilaga alisema. "Halafu nikuambie kitu. Ile miezi minne sikuwa na kazi nyingi. Nilikuambia nina kazi nyingi. Tiketi nilikata mara mbili, sikupanda. Niliogopa kumwona mama amekonda. Na leo nilitaka usahau kila kitu kwa sababu siku ya msiba, pale sebuleni, uliniambia nimechelewa. Hicho ndicho nilichotaka kifutwe, baba. Nilikuwa najitafutia mimi nafuu. Nilipaswa kuja, na sikuja."